Noti Iliyochanika Isiishie kwa Mnyonge

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuzungumze juu ya jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa: noti iliyochanika. Vikundi vingi tunavyotembelea vina moja au mbili ndani ya sanduku. Hakuna anayeitaka, na hakuna anayekubali kwamba ni yeye aliyeileta.

Tuangalie kwanza noti hiyo inavyosafiri. Mwenye duka hathubutu kumpa mteja mkali, lakini mtoto aliyetumwa sukari anarudishiwa hiyo kama chenji. Utingo wa matatu anaikunja vizuri na kumpa mama mzee anayeshuka gizani. Mama anaileta kwenye mchango bila kujua. Mweka hazina anaichomeka katikati ya zile nzuri, na siku ya mzunguko inamwangukia mwanachama asiyependa maneno. Noti mbovu ni kama maji ya mvua, hutafuta palipo chini. Mwishowe anayebaki nayo ni yule ambaye shilingi mia mbili kwake ni unga wa jioni. Ndiyo sababu tunasema hili si jambo la karatasi tu. Ni jambo la haki ndani ya kikundi.

Je, noti hiyo imekufa?

Hapana, mara nyingi haijafa. Noti zetu hutolewa na Benki Kuu ya Kenya, tangu mwaka wa 1966. Mwenye duka anaweza kuikataa kwa sababu naye anaogopa kukwama nayo, lakini si yeye anayeamua thamani yake. Kwa hivyo tujifunze kuzitofautisha.

Kwanza, kuna noti iliyochakaa. Ni chafu, imelegea, pengine imechanika kidogo ukingoni, lakini hakuna kipande kilichopotea. Hiyo ni pesa. Ipeleke benki pamoja na zile nyingine mnazoweka kwenye akaunti.

Pili, kuna noti iliyokatika na vipande vyote vipo. Hapa soma nambari. Kila noti ina nambari yake, na imeandikwa mara mbili. Nambari zikifanana, vipande hivyo ni vya noti moja. Zikitofautiana, basi mtu ameunganisha vipande vya noti mbili, na huenda ni ujanja. Usiipokee. Kama tayari imeingia sandukuni, msimpelekee mtu mwingine hasara hiyo. Iulizieni benki.

Tatu, kuna noti iliyoharibika vibaya: imeungua, imetafunwa na panya au mchwa, imeoza kwa maji, au sehemu yake haipo. Hapo benki ndiyo itakayoangalia kilichobaki na kuamua. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mtalipwa yote. Lakini tunaweza kuwaambia hivi: kadiri mnavyohifadhi vipande vingi, hasa vyenye nambari, ndivyo mtakavyokuwa na la kuonyesha.

Kuokoa kilichobaki

Wengi huharibu zaidi wakitaka kutengeneza. Noti iliyolowa usiisugue na usiipige pasi. Itenganishe na wenzake polepole, uianike kivulini. Iliyoungua usiipulize majivu wala usiikunjue kwa nguvu. Iweke kama ilivyo ndani ya boksi dogo lenye kifuniko. Iliyoliwa na mchwa, kusanya kila kipande hata kama ni kidogo kama ukucha. Na msikimbilie kubandika kwa gundi, maana gundi hufunika nambari na alama. Tia vipande ndani ya bahasha, andika juu yake ni noti ya shilingi ngapi na iliharibikaje.

Anzeni na benki iliyo karibu, hasa ile yenye akaunti ya kikundi. Ikishindikana, waulizeni namna ya kuifikisha Benki Kuu. Makao yake makuu yako Nairobi, na ina matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret. Pia ina vituo vya fedha Nyeri, Nakuru, Meru na Kisii. Kabla ya kulipa nauli, ulizeni kwanza ni ofisi gani inayohudumia wananchi, na siku gani. Na mtu akija sokoni kusema atanunua mia yenu kwa hamsini, mjue anataka kula nusu ya pesa ambayo pengine mngelipwa yote.

Kikundi kifanye nini?

Hapa ndipo penye uzito. Tunapendekeza mambo manne, muyajadili kwenye mkutano wenu.

1. Pesa zihesabiwe mbele ya watu wote, noti moja moja, kabla mwenye kuleta hajaketi. Iliyochanika ionekane hapo hapo, isije ikatafutiwa mwenyewe baadaye.

2. Mwanachama anayepokea mzunguko asipewe noti mbovu hata moja. Ikiwa ipo, ibaki sandukuni, naye apewe nzuri. Fikirini: kikundi cha watu ishirini kikipoteza noti ya mia mbili, kila mmoja amepoteza shilingi kumi. Mama mmoja akiibeba peke yake, amepoteza mia mbili. Mzigo wa wengi ni mwepesi.

3. Bahasha ya noti zilizoharibika iandikwe kwenye daftari: thamani, nambari, tarehe. Watu wawili waipeleke benki siku ile ile wanayokwenda kwa kazi nyingine ya kikundi. Haifai kutumia nauli ya mia tatu kwa ajili ya noti ya mia.

4. Bahasha isikae mwaka mzima. Tukumbuke mwaka wa 2019. Noti mpya zilipozinduliwa tarehe 1 Juni, tulitangaziwa kwamba noti ya zamani ya elfu moja ingetumika mpaka tarehe 30 Septemba tu. Aliyekuwa ameificha kwenye mkebe, iwe nzima au imechanika, baada ya siku hiyo alibaki na karatasi. Pesa iliyolala haisikii matangazo.

Kuzuia ni bora

Noti haziharibiki zenyewe. Tunazifunga kwenye pembe ya leso ikiwa na jasho, tunazibana kwa pini, tunaandika hesabu juu yake, tunazifukia chini ya kitanda kwa mchwa. Sanduku la kikundi liwe kavu, lenye kifuniko kinachobana, na noti zilale zikiwa zimenyooka. Pesa nyingi zisilale nyumbani kwa mtu. Zipelekwe benki au kwa wakala wa simu siku ile ile. Angalia mifuko kabla ya kufua. Na vijana, tafadhali: kuchana, kukata au kuharibu noti kwa makusudi ni kosa mbele ya sheria ya Kenya, hata kama noti ni yako.

Basi, ndugu zetu, mkirudi nyumbani fungueni sanduku. Zile noti mnazopitishiana zitoeni mezani, mzisome nambari, mziandike, mziweke pamoja kwenye bahasha moja. Huenda zikalipwa zote, huenda zikalipwa baadhi. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna mwanachama atakayefika dukani jioni, unga umeshapimwa, kisha aambiwe mbele ya watu kwamba pesa yake haifai.