Kauli ya Mwisho ni ya Nani?



Leo tuzungumze juu ya mahakama. Wengi wetu tunaijua Mahakama ya Mwanzo. Tunakwenda pale kwa kesi za madeni, ndoa na mirathi. Asiyeridhika hukata rufani. Ngazi ya juu kabisa katika Tanzania ni Mahakama ya Rufani. Majaji wake huteuliwa na Rais. Katiba inataka wawe huru, wafuate Katiba na sheria tu. Je, siasa haiwafikii? Hebu tutazame kesi moja.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi. Alidai kwamba raia asiye na chama naye aruhusiwe kugombea uongozi. Huyo ndiye tunayemwita mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia. Lakini mwaka ule ule Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba: kila mgombea lazima apendekezwe na chama. Ni kama timu imefunga bao, refa amelikubali, kisha kanuni za mchezo zikabadilishwa!

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa haki mara ya pili. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani walisema jambo hili ni la kisiasa, si la kisheria, kwa hiyo liamuliwe na Bunge. Basi, likarudi kule kule lilikokwama.

Wapo wanaosema majaji walifanya sawa, maana kutunga sheria si kazi yao. Wengine wanauliza: mahakama ikijitoa, mnyonge atakimbilia wapi?

Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha. Mwaka 2013 ikaamua kuwa haki zake zilivunjwa, ikaiagiza Tanzania irekebishe. Hata hivyo, uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulikuwa wa wagombea wa vyama tu. Mwenyewe alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya kura.

Tunajifunza nini? Jaji huamua kwa sheria, lakini sheria hutungwa na wabunge, na wabunge tunawachagua sisi. Tusiishie kusoma majina kwenye karatasi ya kura. Tusome na Katiba. Mbunge akija mkutanoni, tumwulize alipiga kura gani.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini Mtikila alishinda kesi lakini hakupata alichokidai?
2. Je, jambo la haki ya raia liamuliwe na Bunge au na mahakama? Toeni sababu.