Gari Likiharibika Njiani: Kuonekana Kwanza, Kutengeneza Baadaye

Mazungumzo kwa madereva na watumiaji wa barabara, Kaunti ya Taita Taveta

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kila mwenye chombo cha moto hukutana nalo siku moja: gurudumu kupata pancha au gari kukwama barabarani.

Taita Taveta imepitiwa na barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, na malori ya bandarini huitumia usiku na mchana. Kutoka Mtito Andei hadi Voi ni karibu kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia hiyo imepakana na mbuga za Tsavo, giza likiwa totoro usiku. Iko pia barabara ya Voi kupitia Mwatate na Maktau hadi Taveta, na kona za mlimani za kupanda Wundanyi. Katika njia hizi, gari laweza kukwama mahali ambapo fundi wa karibu yuko mbali sana.

Jambo moja lishikwe na kila mtu. Pancha yenyewe mara nyingi haiui. Kinachoua ni gari lililosimama barabarani bila kuonekana, na watu waliosimama karibu nalo.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu mbele, sekunde moja au zaidi huisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha gari dogo, kwenye lami kavu, huhitaji mita nyingine 30 hadi 40 ili lisimame. Lori lililobeba mzigo huhitaji zaidi, na mvua ikinyesha umbali huongezeka. Taa zikiwa zimeshushwa kwa sababu ya gari linalokuja, dereva huona kama mita 50 tu mbele yake. Maana yake ni kwamba akiliona lori lililozimika kwa mara ya kwanza kwa taa zake mwenyewe, tayari amechelewa.

Kwa hiyo maandalizi huanza nyumbani. Upepo wa magurudumu upimwe tairi zikiwa baridi, kabla ya safari. Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana linapozunguka, hupata joto, na katika jua la Maungu au Voi joto hilo ndilo hulipasua. Umri wa tairi pia hujulikana. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua tairi la mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Gurudumu la spea husahaulika zaidi kuliko kitu kingine chochote. Hukaa miaka chini ya mizigo, na siku ya haja hupatikana halina upepo. Lipimwe pamoja na mengine. Jeki ijaribiwe nyumbani, na spana ihakikishwe kuwa inaingia kwenye nati za gari hilo hilo. Ndani ya gari kuwe pia na tochi, jaketi ya kung'aa, maji ya kunywa, kipande cha mbao cha kuwekea jeki, na simu yenye chaji. Mwenye bodaboda abebe pampu na vifaa vya kuziba pancha, na akipata pancha aisukume pikipiki hadi nje kabisa ya lami kabla ya kuinama kuitazama.

Halafu ziko pembetatu za tahadhari, ambazo madereva wengi huziita laifseva. Katika magari mengi zimo, lakini bado ziko ndani ya nailoni yake, zikingojea ukaguzi wa polisi. Laifseva ni ya yule dereva anayekuja nyuma kwa kasi na hajui kwamba mbele kuna gari limekwama.

Tairi likipasuka gari likiwa mwendoni, dereva asikanyage breki kwa ghafla. Ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta, aache gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha alitoe kushoto, nje ya lami kadiri inavyowezekana. Ni heri tairi liharibike kabisa kwa kusogezwa mita chache kuliko gari libaki katikati ya njia.

Likishasimama, taa za dharura ziwashwe mara moja. Abiria washuke kwa mlango wa kushoto. Wasisimame mbele wala nyuma ya gari, kwa sababu likigongwa litasukumwa juu yao. Wakae kando, mbali na lami, pamoja, na watoto washikwe mkono. Katika eneo la Tsavo wasiingie vichakani. Ndovu na simba hawasomi mabango ya barabarani.

Kisha laifseva zitolewe. Moja iwekwe nyuma ya gari umbali wa hatua 100 hivi, na kwenye barabara ya njia mbili nyingine iwekwe mbele. Anayekwenda kuiweka atembee pembeni, nje ya lami, akiwa ameishika wazi mbele yake. Gari likikwama baada ya kona au mteremko, laifseva ikae kabla ya kona hiyo, mahali ambapo anayekuja bado ana nafasi ya kusimama.

Wengi wamezoea kukata matawi na kuyatupa barabarani. Mchana husaidia kidogo, lakini usiku jani halirudishi mwanga. Mawe ni mabaya zaidi. Lori hutengenezwa, huondoka, na mawe hubaki yakimngoja mwenye pikipiki. Aliyeweka jiwe nyuma ya gurudumu alitoe kabla hajaondoka.

Kubadilisha gurudumu kuna mpangilio wake. Hendibreki ivutwe, gurudumu la upande wa pili lizuiwe, na nati zilegezwe kabla ya gari kuinuliwa. Jeki ikae kwenye ardhi ngumu na tambarare, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Ikiwa gurudumu lililoharibika liko upande wa kulia na lami iko mgongoni mwa anayelibadilisha, gari lisogezwe zaidi au msaada ungojewe. Baada ya kilomita 50 hivi, nati zikazwe tena. Na gari lililochemka lisifunguliwe kifuniko cha rejeta hadi lipoe, kwa kuwa maji yake huruka na kuunguza uso.

Wanaoishi kando ya barabara nao wana sehemu yao. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Lori la mafuta likianguka au likivuja, watu wakae mbali, wasiwashe kitu chochote, na wazazi wawazuie watoto. Mafuta ya bure yameacha mayatima wengi.

Abiria wa matatu pia asione haya kusema. Kumwomba dereva awashe taa za dharura, au kumkumbusha makanga aweke laifseva, si utovu wa adabu. Msaada ukihitajika, nambari za dharura ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Anayepiga ataje barabara, kituo alichopita mwisho, upande anaoelekea na idadi ya walioumia.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye gari afungue buti, aguse spea kama ina upepo, atoe laifseva kwenye nailoni na aziweke mahali ambapo mkono unazifikia gizani. Ni kazi ya dakika kumi.