Muda wa Nyongeza Usiwe wa Kuombwa



Mtihani wa kidato cha sita nchini Tanzania una jambo ambalo vyuo vikuu vyetu vinapaswa kuliiga. Baraza la Mitihani limeweka utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Asiyeona hupata karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu hupata maandishi yaliyokuzwa, na muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Msimamizi wa chumba hana la kuamua hapo. Kila kitu kimeshapangwa kabla hajafungua bahasha.

Miezi michache baadaye, kijana huyohuyo anaingia chuo kikuu, na mara nyingi utaratibu ule anauacha nyuma. Sasa anabisha hodi ofisi kwa ofisi. Mhadhiri mmoja anamkubalia muda wa nyongeza, mwingine anamtaka alete barua. Muhula ukiisha, kozi zinabadilika, wahadhiri wanabadilika, naye anaanza kujieleza upya.

Hoja yangu ni hii: msaada kwa mwanafunzi mwenye ulemavu uanze siku anapodahiliwa, uandikwe, na umfuate katika kila kozi bila yeye kuuomba tena.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Taarifa nazo zipo, kwani mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu mwenye ulemavu huambatisha uthibitisho wa daktari wa serikali. Kwa hiyo nchi inamjua kijana huyu kabla hajapanda basi kwenda chuoni. Iweje mhadhiri amgundue wiki ya nne, siku ya jaribio la kwanza?

Tuangalie kazi yenyewe. Siku hizi wanafunzi wengi wasioona husoma kwa kompyuta au simu yenye programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Programu iitwayo NVDA hupatikana bila malipo. Lakini kitini kilichopigwa picha kwa skana, kwa programu hiyo, ni picha tu. Hakuna herufi za kusomwa moja kwa moja. Kitini hichohicho kikitumwa kama kilivyochapwa kwenye kompyuta, mwanafunzi anakisikiliza jioni ileile. Tofauti hiyo haihitaji bajeti. Na kwa vitabu vya maktaba, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Kwa mwanafunzi kiziwi, jambo ni zito zaidi. Mhadhara unatolewa kwa Kiingereza, mkalimani anaufikisha kwa lugha ya alama ya Tanzania, na kila wiki yanaingia maneno ya kitaaluma ambayo huenda hayana alama iliyozoeleka. Mkalimani anahitaji kuuona mhadhara mapema ili yeye na mwanafunzi wakubaliane alama za kutumia. Anahitaji pia mwenzake wa kupokezana naye, maana mikono na akili huchoka. Na mwanafunzi hawezi kumtazama mkalimani huku ameinamia daftari. Lazima awepo wa kumwandikia. Hapa fedha zinahitajika, na chuo kisichoziweka kwenye bajeti kimemkaribisha kijana huyu darasani bila kumpa masomo.

Kwa anayetumia kiti mwendo, wengi hungoja jengo jipya lenye lifti. Lijengwe. Lakini ratiba ya masomo hutengenezwa kila muhula, na anayeitengeneza anaweza leo kuihamishia kozi ya mwanafunzi huyo chumba cha chini.

Nawasikia wanaosema kwamba muda wa nyongeza ni upendeleo, na kwamba shahada itapoteza thamani. Maswali ni yaleyale, na alama za kufaulu ni zilezile. Vidole vinavyosoma nukta nundu huchukua muda mrefu zaidi kumaliza ukurasa kuliko macho. Dakika zile zinafidia mwendo wa kusoma. Jibu analitoa mwanafunzi mwenyewe.

Wakuu wa vyuo, andikeni kanuni ya mitihani yenye dakika zinazotajwa kwa tarakimu, kama lilivyofanya Baraza la Mitihani. Ofisi ya udahili na ipeleke mahitaji ya kila mwanafunzi idarani kabla ya wiki ya kwanza, kwa ridhaa yake. Nawe mhadhiri unayenisikiliza, huhitaji waraka wowote kutuma kitini cha wiki ijayo leo jioni, kikiwa katika maandishi yanayosomeka.

Kijana aliyefika chuo kikuu amekwisha kushindania nafasi yake na ameipata. Asilazimishwe kuishindania tena kila muhula.