Siko Seli: Maisha ya Mtoto Baada ya Kutoka Wodini

Mazungumzo kwa wazazi, walimu, wazee wa mitaa na wahamasishaji wa afya ya jamii, Kaunti ya Kilifi



Mazungumzo ya leo yanahusu watoto ambao wengi wenu mnawafahamu. Ni yule mwenye macho ya manjano ambaye hukosa shule mara kwa mara kila muhula. Ni yule mfupi kuliko wenzake, anayelia usiku kwamba mifupa inamuuma, na asubuhi akiambiwa kuwa ni mvivu. Wana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Kilifi ina sababu ya kuuzungumzia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliohusisha watoto wachanga zaidi ya 15,000 wa hapa Kilifi, ulionyesha kuwa takriban wanane kati ya kila 1,000 walikuwa na siko seli. Chanzo cha wingi huo ni malaria. Mtu aliyerithi jeni ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja pekee kwa kawaida haugui, na jeni hiyo humkinga dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka wa 1949. Aliikuta hali hiyo kwa wingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na kwa uchache katika nyanda za juu ambako malaria ni kidogo. Kinga iliyowaokoa mababu ndiyo hiyo hiyo inayomletea mtoto ugonjwa anapoirithi kutoka pande zote mbili.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Chembechembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini, za mviringo, na huishi takriban siku 120. Za mtoto mwenye siko seli hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20. Zinapokwama, mtoto hupata maumivu makali. Zinapokufa upesi, hupungukiwa na damu na macho kuwa ya manjano.

Hapa pana jambo linalovunja nyumba. Siko seli ya aina iliyo ya kawaida huku kwetu hutokea pale jeni inapotoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wanaoibeba, wasiougua wenyewe, wana uwezekano wa mmoja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya "damu mbaya" anasahau kwamba nusu ya urithi huo ni wake. Tena si pepo wala si uchawi. Katika kaunti ambayo wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, jambo hili si dogo. Mtoto anayeugua kwa sababu ya damu aliyorithi asiwe kisingizio cha kumnyooshea bibi au babu yake kidole.

Zamani wengi wa watoto hawa walifariki kabla ya kufika darasani. Leo hali ni tofauti kwa yule anayegunduliwa mapema. Penisilini kila siku hadi angalau umri wa miaka mitano, asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria, chandarua na chanjo zote kwa wakati wake huokoa maisha. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa hapa Kilifi, pamoja na wenzao wa Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kuwa, ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya kuanza dawa, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Dawa hii hutolewa na daktari na huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hivyo isinunuliwe kiholela.

Basi mtoto anaishi. Swali linalobaki ni anaishi maisha gani. Kliniki humwona kwa dakika chache, labda mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki yuko nyumbani, njiani na shuleni, na huko ndiko maisha yake hutengenezwa au huharibiwa.

Anza na maji. Mwili ukikauka, chembechembe hupinda zaidi na maumivu huja. Mtoto huyu anahitaji kunywa maji siku nzima, hasa katika joto la Ganze na Magarini. Lakini figo zake pia hushindwa kuhifadhi maji vizuri, kwa hivyo hukojoa mara nyingi, na wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Mwalimu anayemnyima ruhusa ya kwenda chooni, au mzazi anayemnyima maji jioni ili asilowanishe godoro, anamwelekeza kwenye maumivu bila kujua. Kumchapa kwa kukojoa kitandani ni kumwadhibu kwa ugonjwa. Na shuleni, kiboko kilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Kuna baridi na uchovu. Asimame mvuani wakati wa gwaride? Hapana. Akimbie mizunguko ya uwanja kama adhabu? Hapana. Lakini asiondolewe katika kila mchezo. Acheze, apumzike anapochoka, anywe maji. Mtoto anayewekwa pembeni kila siku hujifunza kwamba yeye si mtu kamili.

Kuna maumivu yenyewe. Hayaonekani, hayaachi jeraha wala uvimbe kila mara, ndiyo maana watu huyatilia shaka. Mtoto akisema anaumwa, aaminiwe. Apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, maji, na kitambaa cha uvuguvugu, kamwe si barafu. Akikosa masomo, mwenzake amletee daftari, na mwalimu ampe nafasi ya kufanya mtihani aliokosa. Siko seli haipunguzi haki ya mtoto ya kusoma.

Wanapofikia ujana huja aibu nyingine. Wengi huchelewa kubalehe kuliko marika yao. Msichana huona wenzake wakipata hedhi, naye bado. Mvulana hubaki na mwili mdogo. Waambiwe mapema kwamba kuchelewa si kukosa.

Na mlezi asisahauliwe. Mara nyingi ni mama peke yake anayelala wodini, anayefunga kibanda chake sokoni, na anayetafuta nauli ya bodaboda. Baba anayempeleka mtoto kliniki mara moja kati ya mbili anampa mke wake siku ya kazi, na anampa mtoto ushahidi kwamba hakulaumiwa.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi. Mpelekeni mtoto hospitalini mara moja akiwa na homa kali, akishindwa kupumua vizuri au akiwa na maumivu ya kifua, akilegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema, au akipauka ghafla huku tumbo likivimba upande wa kushoto. Mvulana ambaye uume wake umesimama kwa muda mrefu kwa maumivu naye apelekwe haraka. Wengi huficha kwa haya, na kuchelewa huleta madhara ya kudumu.

Familia ambayo haijajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya kijiji. Na wachumba wanaotaka kujua kama wanabeba jeni hii waulize hospitalini kuhusu kipimo cha damu kabla ya kupata watoto, ili waamue wakiwa na habari kamili.

Dawa itatoka hospitalini. Chupa ya maji juu ya dawati, ruhusa ya kwenda chooni, godoro lisilo na fimbo kando yake na baba aliyeketi kwenye foleni ya kliniki vitatoka kwenu. Vyote hivyo vinaweza kuanza kesho asubuhi.