Je, molekuli inabaki salama?

Juma lililopita nilieleza hapa kwamba wataalamu wanapiga picha za molekuli kwa leza. Mwanafunzi mmoja wa sekondari ameniletea barua ya mstari mmoja: je, hiyo molekuli inabaki salama? Nakiri swali limenibana, maana nilizungumza kana kwamba ni kamera ya harusini.

Nianze na Ahmed Zewail, Mmisri mzaliwa wa Damanhur, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kazi aliyoifanya California. Alitumia mimweko miwili ya leza: wa kwanza kuiamsha molekuli, wa pili, uliochelewa kidogo mno, kuichungulia. Muda huo hupimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde moja mbele ya sekunde ni kama sekunde moja mbele ya miaka takriban milioni 32. Katika molekuli ya sodiamu na iodini, atomu mbili zilionekana zikiachana, zikirudiana, zikiachana tena, mara kadhaa kabla ya kutengana kabisa. (Wenye ndoa mtaniwia radhi.)

Mimweko hiyo ilikuwa ya kadiri. Mwaka 1985, huko Rochester, Marekani, Gérard Mourou na Donna Strickland walipata njia ya kuutia mmweko mfupi nguvu nyingi bila kuharibu mtambo wenyewe: waliurefusha kwanza, wakaukuza, kisha wakaubana tena. Kwa njia hiyo nguvu ya umeme iliyomo katika nuru huweza kushindana na ile inayoshikilia elektroni ndani ya atomu.

Ikipigwa na nuru ya namna hiyo, molekuli ndogo hung'olewa elektroni zake, ambazo ndizo gundi yake. Vinabaki viini vyenye chaji chanya, na chanya kwa chanya hazikai nyumba moja: vinasukumana, molekuli inalipuka. Wataalamu hudaka vipande, hupima kasi na mwelekeo wa kila kimoja, kisha hupiga hesabu kurudi nyuma mpaka walijue umbo la molekuli kabla haijalipuka. Ndipo ufupi wa mmweko unapokuwa na kazi. Ukikawia, atomu huanza kusogea kabla elektroni hazijatoka za kutosha, na umbo linalopatikana si lile la awali.

Kwa hiyo, mwanangu, haibaki salama. Hata zile za Zewail zilivunjika. Kuvunjika kwenyewe ndiko kulikotazamwa. Maabara hupuliza gesi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na kila mmweko hukuta molekuli nyingine zinazofanana na zilizotangulia. Picha ninayokuelezea imeunganishwa kutokana na maelfu ya molekuli, wala hakuna hata moja iliyopigwa mara mbili ikiwa nzima. Hilo ndilo nililopaswa kulisema juma lililopita.