Itoe Mashine Mvunguni

Leo nazungumza na wewe uliyepewa mashine ya kupumulia usingizini, ukaivaa siku tatu, kisha ukaisukuma mvunguni mwa kitanda. Nakujua, kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo hivyo.

Tukumbushane kwanza. Wengi wetu hudhani anayekoroma amelala fofofo. Sivyo. Mwenye maradhi haya akilala, nyama za koo hulegea, njia ya hewa ikaziba, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo humshtua avute pumzi, halafu mambo huanza upya, usiku kucha. Asubuhi hakumbuki lolote, ila kichwa chamuuma na mchana anasinzia. Mimi nilisinzia kwenye usukani, barabara ya Malindi, watoto wamekaa nyuma. Mke wangu akapiga ukelele, tukapona. Na ukiyaacha bila tiba, maradhi haya huandamana na presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Mashine haitoi dawa. Inasukuma hewa ya kawaida tu ili koo libaki wazi. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza tiba hii mwaka wa 1981. Lakini ikiwa mvunguni haimtibu mtu.

Utaniambia, "Inanibana roho." Basi usianze usiku. Ivae mchana ukiwa macho, dakika 20, huku ukisoma au ukitazama televisheni. Kesho ongeza. Ukishaizoea, lala nayo.

"Pua zinakauka." Tia maji kwenye kitangi chake. Si ya kisima wala ya mfereji, maana yana chumvi. Ulizia duka la dawa maji yaliyoondolewa chumvi.

"Nina ndevu, hewa inavuja." Hakuna aliyekwambia unyoe! Ziko barakoa za vijimto vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua, ndevu hazivigusi. Omba ubadilishiwe.

"Stima ikipotea je?" Ivue, ulale ubavu, usilale chali.

"Naona haya mbele ya mke wangu." Ndugu yangu, muulize ni usiku mangapi amekaa macho akisubiri urudishe pumzi. Yeye ndiye atakayefurahi wa kwanza.

Kipimo cha hewa usikichezee mwenyewe. Kikikushinda, rudi kwa daktari. Na barakoa ioshe kwa sabuni kila siku.

Mwezi wa Ramadhani usingizi wetu hukatwa vipande: baada ya tarawehe, kisha daku, na wengine hulala tena baada ya alfajiri. Usiseme, "Ni saa moja tu." Koo huziba hata kwa usingizi wa saa moja. Vaa kila unapolala. Ukiwa umefunga na una shaka juu ya ule mvuke wa maji, muulize sheikh wako. Mashine nyingi hufanya kazi hata bila maji.

Mimi ilinichukua wiki kadhaa. Kuna usiku niliivua bila kujijua, nikaikuta sakafuni. Nikaivaa tena. Siku moja nikaamka kichwa chepesi, nikaendesha gari hadi Malindi na kurudi bila kupiga mwayo.

Basi usiku wa leo inama, ivute, ipanguse vumbi. Mwenyezi Mungu akupe usingizi wa raha na afya njema. Amin.