Simu ni Yako, Lakini Nani Anaiamrisha?



Leo tuongee kuhusu hii simu iliyo mfukoni. Ukiinunua mpya, ukiiwasha tu washakuta programu ambazo hukuziomba: ya mikopo, ya habari, nyingine hata hujui kazi yake. Ukitaka kuifuta, simu yakataa. Inakula nafasi, inakula bando, na nyingine inasoma majina ya watu wako na mahali ulipo.

La pili ni masasisho, zile apdeti. Wengi twaona ni usumbufu, lakini ndizo zinazoziba matundu wanayopitia wezi. Na simu kwetu ndiyo benki: M-Pesa, pesa za chama, karo, zote zimo humo. Masasisho yakikatika, umebaki na mlango ambao kufuli yake yajulikana na kila mwizi. Je, dukani uliambiwa yatakatika lini?

Kwingine hili ni sheria. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, mtengenezaji lazima atangaze masasisho ya usalama yatadumu mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, masasisho ya mfumo yanayotolewa kwa simu mpya lazima yapatikane bure kwa muda usiopungua miaka 5 baada ya modeli hiyo kuacha kuingizwa sokoni. Na tangu Machi 2024, kampuni kubwa kama Google na Apple lazima ziwaache watu wa huko wafute kwa urahisi programu zilizokuja na simu, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kufanya kazi bila hizo.

Sasa sisi je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kufaidika nayo. Kifungu cha 31 chalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema ridhaa iwe ya hiari na ya wazi. Programu niliyoikuta ndani tayari, niliridhia saa ngapi? Haki ipo. Lakini vifungu hivyo havitaji miaka ya masasisho wala kitufe cha kufuta. Hapo ndipo pengo lilipo, na hapo ndipo tuwabane wabunge wetu.

Tusingoje lakini. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: masasisho mpaka mwaka gani? Ingia kwenye mipangilio, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Programu isiyofutika, izime na uinyime ruhusa. Ikitumia habari zako vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Na risiti usitupe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pesa ni zetu, simu ni yetu. Na neno la mwisho liwe letu.